Mama Ilikuwaje na Daftari la Vichwa Viwili

Jina lake kamili, kama tunavyolijua sisi tuliofanya naye kazi, ni Sista Mama Ilikuwaje, binti wa Fundi Bati, mjukuu wa Bibi Hesabu Mkasi. Jina la cheti analo, limo kwenye faili lake la kustaafu, na huko likae. Haya ninayoyataja ni majina ya jasho, lake na la waliomtangulia.

Bibi yake alikuwa mkunga. Hakutoka katika nyumba ya mzazi kabla hajahesabu kwa sauti: mkasi mmoja, nyuzi mbili, vitambaa vitatu. Siku moja alirudi nusu ya safari kwa miguu kwa ajili ya kipande cha uzi. Si kwamba aliuhitaji. Alitaka kujua umebaki wapi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na chini ya cherehani aliweka bati la biskuti alimotunza kipande cha kila nguo aliyowahi kuiharibu. Mafundi wengine hutundika ukutani nguo zilizopendeza. Yeye alitunza mikono ya mashati iliyokatwa kinyume.

Naye mwenyewe, binti wa huyo, mjukuu wa yule, alipima watoto kwa mizani ya kuning'inia miaka ishirini na tisa. Alirudisha boksi zima la mabomba ya sindano kwa kuwa vifuniko viwili vililegea. Alimsimamisha daktari mlangoni, kiganja kifuani, mpaka akarudi kunawa. Na alimwokoa binti mmoja wa dirisha la dawa asifukuzwe kazi, kwa swali moja tu. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulisimulia, kwa sababu nililiona, na mkono wangu ulikuwemo.

Sista huyu ni wifi yangu. Kaka yangu kinyozi ndiye aliyemuoa, na tangu wiki ya kwanza alikuja kunilalamikia. Alijikata kidole kwa wembe, akarudi nyumbani kimefungwa kitambaa, akitegemea kupewa pole kama mume. Mkewe alikifungua kile kidole, akakitazama, akamuuliza ilikuwaje. Alikuwa ameshika wembe kwa mkono upi? Mteja alitikisa kichwa? Kiti kilikuwa kimekaa vipi? Kaka akaniambia, "Dada yangu, nimeoa mahakama." Pole alipewa baadaye, kidole kimeshapona, na kiti cha kinyozi kimeshahamishwa karibu na dirisha. Hajajikata tena. Hilo hakuja kunieleza, nililiona mwenyewe.

Zahanati yetu ilikuwa vyumba vinne kwa mstari, na baraza mbele yenye mabenchi mawili. Mgonjwa alianzia kwangu, dirisha la kuandikisha. Nilimwandika kwenye rejista kubwa, kisha nikagonga muhuri wa tarehe kwenye daftari lake. Kutoka kwangu alikwenda chumba cha mizani kwa wifi, akapimwa uzito na joto. Kisha kwa Dokta, ambaye hakuwa daktari wa vyeti vikubwa, lakini hapo alikuwa peke yake, na aliye peke yake ndiye mkubwa. Mwisho dirisha la dawa. Huko alikaa binti tuliyemwita Kasi, maana alihesabu vidonge upesi kuliko jicho linavyofuata, viwili viwili, kwenye sahani yake ya bati, tiki tiki tiki, na bahasha imeshakunjwa.

Makabati ya mafaili hatukuwa nayo ya kutosha. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, lile la kurasa thelathini na mbili. Ndilo lililokuwa faili lake. Alilitunza nyumbani, akaja nalo, akaondoka nalo. Wengine walilitunza kama hati ya kiwanja. Kwa wengine lilikuja limeshatumika kufungia sabuni.

Mimi sikuvuka shule ya msingi, lakini muhuri wangu haukuwahi kukosea tarehe. Kila asubuhi niliuzungusha kabla sijavua mtandio. Watu waliuliza tarehe kwangu, hata wale wenye kalenda. Nalisema hili sasa ili nitakapofika mbele mjue nilianguka kutoka wapi.

Basi, Jumatatu moja. Mwenye kuijua zahanati anaijua Jumatatu. Watu huugua Ijumaa jioni, huvumilia siku mbili, halafu wote huja pamoja. Mabenchi yalijaa, baraza likajaa, na dirisha la Kasi lilikuwa linagongwa kwa funguo na sarafu kama mlango wa mdaiwa. Kati ya waliokuja alikuwemo msusi, mama aliyesuka nywele kwenye kibaraza cha duka lililotutazama. Alikuwa na watoto wawili, mkubwa wa miaka saba na mdogo ambaye hata miwili hajatimiza. Siku hiyo mdogo ndiye aliyeumwa. Alikuwa anaharisha tangu Jumapili.

Sasa nielezee daftari la msusi, maana ndilo lenye kisa. Lilianza kuwa la mkubwa. Mdogo alipozaliwa, mama aliona kurasa za nyuma bado nyeupe, akaona ni dhambi kuziacha. Akaligeuza kichwa chini, mdogo akaanzia nyuma. Kwa hiyo lilikuwa daftari moja lenye vichwa viwili: ukifungua upande huu unamkuta kaka, ukilipindua unamkuta mdogo wake. Na kwa kuwa alikuwa mama nadhifu, alilivalisha gazeti pande zote, kama wanafunzi wanavyovalisha daftari la hesabu. Mbele na nyuma kukawa sura moja. Nje hapakuwa na jina.

Saa sita mchana msusi alirudi mbio. Mtoto amemlaza begani, na nyuma yake mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, kwa sababu na yeye alitaka kujua kuna nini. Watu wakawapisha. Msusi alifika dirisha la dawa akaweka chupa mbele ya Kasi.

"Mdogo wangu, hii si ile ya upele ya kaka yake? Nimempa vijiko viwili kama ulivyosema. Nilipofunga kifuniko nikasikia ile harufu. Na sasa haamki vizuri."

Ilikuwa ndiyo hiyo. Dawa ya maji ya kuzuia muwasho, ile inayoleta usingizi, aliyopewa kaka mtu miezi mitatu nyuma. Mdogo aliandikiwa pakiti za unga wa kuchanganya na maji, wa kurudisha maji mwilini, basi.

Dokta alimpima mtoto mara tatu. Alipumua sawa, moyo ulikwenda sawa, ila usingizi ulikuwa mzito. Wifi alikaa kando ya kitanda, saa mkononi, akihesabu pumzi na kuziandika, na kila mtoto alipoamka kidogo alimtia yale maji kwa kijiko. Saa kumi mtoto alifungua macho, akatazama dari, akatazama watu, akaikamata penseli ya wifi na kukataa kuiachia. Msusi akalia wakati huo. Kabla ya hapo alikuwa jiwe.

Mtoto alipokwenda nyumbani, Dokta alituita. Alikuwa na neno lake moja siku zote: nani. Dumu la maji likimwagika, nani. Mlango ukiachwa wazi, nani. Akaishika ile chupa juu, akauliza, "Nani alitoa dawa hii?" Kasi alinyoosha mkono. Hakuwa na pa kuuficha, dirisha lake lilikuwa moja na yeye mmoja.

Dokta akalifungia lile daftari kwenye mtoto wa meza. Akasema Alhamisi gari la chanjo likija ataandika barua kwa wakubwa, na Kasi ataondoka na gari hilohilo. Kasi alikuwa wa kwanza kwao kushika ajira. Alikuwa na miezi kumi na minne nasi. Hakujitetea. Aliingia kwenye chumba chake cha dawa akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Na sisi wengine? Tuseme kweli. Tulishusha pumzi. Aliyetafutwa alikuwa amepatikana, na si mimi, na si wewe. Ndivyo tulivyoishi. Mtungi ukivunjika tunatafuta mkono, tukishaupata tunaenda kunywa chai.

Wifi hakwenda kunywa chai. Alisimama mbele ya dirisha la dawa, kwa upande wa wagonjwa, akalitazama kama mtu anayetaka kulinunua. Nikamuuliza anaangalia nini. Akanijibu kwamba kabla ya Kasi alikuwepo kijana mwingine hapo, naye alifukuzwa kwa kutoa dawa isiyo yake. Wawili ndani ya miaka mitano, dirisha lilelile. "Au wote wawili ni wajinga," akasema, "au hapa kuna kitu kinachowafanyia watu ujinga. Mimi nataka kukijua hicho kitu."

Akaenda kwa Dokta kuomba daftari.

"La nini?" Dokta akauliza. "Mkosaji si tumempata?"

"Mkosaji tumempata. Ilikuwaje ndiyo hatujaipata."

"Sista, ungekuwa polisi, wezi wangehama mji kwa kuchoka." Lakini akafungua mtoto wa meza, akampa, na kumwambia Alhamisi ni Alhamisi.

Jumanne, wagonjwa walipopungua mchana, wifi alifanya jambo ambalo watu walilicheka mwezi mzima. Alivua koti lake jeupe, akaviringisha taulo akalibeba kama mtoto, akatoka nje ya lango, kisha akaingia upya kama mgonjwa, na lile daftari la msusi mkononi. Akatuomba kila mtu afanye kama afanyavyo kila siku. Dokta alikataa kwanza, halafu udadisi ukamshinda.

"Mtoto anaumwa nini?" akamuuliza, uso mkavu.

"Anaharisha tangu jana, Dokta."

"Ana umri gani?"

"Taulo hili tumelinunua mwaka juzi."

Benchi zima lilicheka, na Dokta naye, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini wifi macho yake hayakucheka. Alikuwa anaangalia mikono. Aliona jinsi Dokta anavyopokea daftari, anavyolifungua pale linapofunguka lenyewe, na anavyoandika huku akimtazama mama badala ya ukurasa. Aliona jinsi Kasi anavyolipokea kwa tundu la dirisha. Mgonjwa hulisukuma, Kasi hulivuta, na katika kusukuma na kuvuta linageuka upande wowote linaotaka. Alimuuliza Kasi, anajuaje hii ndiyo dawa ya leo? Kasi akasema huangalia muhuri wa tarehe. Palipo na muhuri wa leo, hapo ndipo pa leo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli.

Nami pale kwangu nilikuwa makini siku hiyo, si mnajua mtu akitazamwa. Nililipokea daftari, nikalifungua upande mmoja, nikasoma jina, nikaligeuza, nikasoma tena, nikaonyesha mahali ambapo ningegonga muhuri. Wifi akasimama na taulo lake, akaniuliza kwa upole, "Leo umeligeuza mara mbili, wifi. Jumatatu uliligeuza mara ngapi?"

Nikamwambia watu wamejaa nyuma yake, apite. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nilijua. Tangu Jumatatu saa kumi na moja nilijua, nilipokaa na kurudia siku yangu kama mtu anayetafuta funguo. Nilimwandika mdogo kwenye rejista yangu, sawasawa kabisa. Kisha nikalifungua daftari upande wa kaka. Ukurasa ulikuwa umejaa, sikupata nafasi chini, nikaugonga muhuri ubavuni, kando ya maandishi ya miezi mitatu nyuma. Tarehe ilikuwa sahihi. Tarehe yangu sikuzote ni sahihi. Dokta akaandika dawa upande wa mdogo, ambako hapakuwa na muhuri. Kasi akafungua, akauona muhuri wa leo, na kando yake dawa ya upele, vijiko viwili. Alifanya kama alivyofundishwa. Aliuamini mkono wangu.

Na wifi alikuwa na daftari. Alikuwa ameuona muhuri. Hakusema.

Jumatano alasiri alikuja nyumbani kwangu. Tulikaa kwenye ngazi ya jikoni tukichambua maharage, mabovu kwenye sahani, mazima kwenye sufuria. Nikangoja aniulize, nimpe jibu nililokwisha kulipanga. Hakuniuliza. Akaanza hadithi ya baba yake na lile bati.

Alisema baba yake aliwahi kuharibu kitambaa cha bibi harusi, siku nne kabla ya harusi. Alikata mkono wa kushoto mara mbili, wa kulia hakuna. Mtu aliyeshona miaka ishirini. Badala ya kuficha, aliita wanafunzi wake wote akawaonyesha, akawaambia wamsaidie kujua ilikuwaje. Walitafuta asubuhi nzima. Mwisho wakagundua kwamba wiki ile aliihamisha meza ya kukatia kukwepa paa linalovuja, na mwanga ukawa unaingia kutoka upande mwingine, na kivuli cha mkono wake kinaanguka juu ya alama ya chaki. Fundi alikuwa yuleyule, mkasi uleule, ni kivuli tu.

"Kisha wakafanya nini?" nikauliza.

"Wakarudisha meza. Na paa likazibwa." Akatupa harage bovu. "Fundi hakuhamishwa. Angehamishwa, angekuja mwingine akasimama kwenye kivuli kilekile."

Nikasema maharage ya mwaka huu mabovu ni mengi. Akakubali. Tukamaliza, akajipangusa, akaenda kumpikia kaka yangu. Jioni ile sufuria iliungua nikiitazama. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wanamsema mgonjwa, lakini dirisha la kuandikisha nalo lina maradhi yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba pale bila doa. Niliwaza kwamba Kasi ni kijana, atapata kazi kwingine. Nikawaza hivyo mara nyingi, na kila mara ilinibidi kuanza upya.

Alhamisi asubuhi wifi alituomba wote tukae chumba cha chai kabla gari halijaja. Kasi alikuja na mfuko wake: kikombe, ndala, na kile kimto alichokalia. Dokta alikuwa na bahasha mfukoni, ncha yake ikionekana. Nilidhani wifi atalifungua daftari mbele ya watu na kuuonyesha muhuri wangu. Aliliweka mezani limefungwa, akaweka mkono juu yake.

"Naanza na mimi," akasema. "Jumatatu nilimpima mtoto uzito. Niliona daftari lina vichwa viwili. Nikamtania mama yake, nikamwambia daftari lako lina mapacha. Tukacheka. Halafu nikaliacha lipite. Niliiona hatari, nikaifanya mzaha. Sasa nataka kujua ilipopita kwangu ilikwenda wapi."

Nje mtu alikuwa anafagia baraza, na nakumbuka nilitamani afagie kwa nguvu zaidi. Nilimtazama Kasi. Alikuwa anatazama ndala zake. Hakuwa na hasira hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililonivunja. Angenitazama vibaya ningekaza shingo.

Nikasema, "Ilikuja kwangu." Nikaeleza yote: rejista, ukurasa uliojaa, muhuri ubavuni. Sauti yangu sikuitambua. Nilipomaliza, hakuna aliyeniuliza nani. Wifi aliniuliza kwa nini niligonga ubavuni badala ya kufungua ukurasa mpya, na kwa kuwa aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, nikajikuta nafikiri. Nikasema kwa sababu watu hawapendi ukurasa mpya kama uliopo una nafasi, hunilalamikia. Sikuwahi kulitambua hilo mpaka lilipotoka mdomoni.

Kisha tukamngoja Dokta, bila kumtazama, kama mnavyongoja mzee amalize kukohoa. Alichelewa. Gari la chanjo likapiga honi langoni.

"Niliandika mahali ambapo hapakuwa na muhuri," akasema mwisho. "Niliona haupo. Nikasema moyoni, huyu mama wa dirishani leo kachoka. Sikuinuka kuuliza."

Kasi alizungumza wa mwisho, kwa sauti ndogo. Alisema zamani alikuwa akiuliza kila mtu jina lake na anaumwa nini kabla hajatoa dawa. Watu wakalalamika foleni haiendi. Tukamsifu alipoacha. Jina la Kasi tulimpa sisi.

Kosa lilipita milango minne, na kila mmoja wetu alikuwa ameegemea mlango wake ukiwa wazi.

Honi ililia tena. Dokta akatoka. Tulisikia masanduku ya barafu yakibadilishwa, tukasikia dereva akidai sahihi, kisha gari likaondoka. Aliporudi, ncha ya bahasha bado ilikuwa inaonekana mfukoni. Akaketi, akaitoa, akageuza barua upande mweupe, akamwomba wifi penseli. "Haya," akasema, "tuandike ilikuwaje."

Kasi alirudisha kikombe chake kwenye msumari.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo wifi hakuliacha. Alimpeleka Dokta mwenyewe, kwa miguu yake, kuvuka barabara hadi kibarazani kwa msusi. Akamkalisha kwenye kigoda cha wateja, na Dokta akaeleza yote, milango yote minne. Msusi alimsikiliza vitana vikiwa vimechomekwa kwenye nywele za mteja. Kisha akasema tangu Jumatatu alikuwa akijiona yeye ndiye mjinga aliyekoroga mambo kwa kupenda kurasa nyeupe. Hakuwa amelala. Dokta alirudi mnyonge, na kuanzia siku hiyo sikumsikia tena akisema wagonjwa hawahitaji kujua.

Kuanzia wiki iliyofuata, kila mtoto daftari lake, jina nje, kwa maandishi makubwa. Dokta haandiki pasipo muhuri. Mimi nilisoma jina kwa sauti kabla ya kugonga, na mwenye nalo aitike. Kasi aliuliza kila mtu, huyu ni nani na anaumwa nini, na waliogonga dirisha kwa funguo tuliwaambia wagonge tu. Ile barua tuliibandika ndani ya daftari jipya, likatundikwa chumba cha chai kwa kamba, na penseli yake. Humo unaandika kilichoharibika au kilichokaribia. Jina la mtu haliandikwi. Ijumaa linasomwa.

Nisije nikawadanganya kwamba lilikwenda kama maji. Wiki mbili za kwanza lilikuwa jeupe, watu waliliogopa kama chatu. Wiki ya tatu mtu aliandika kwamba kuna mwenzetu anakunywa chai ya wengine, na wifi, badala ya kufuta, akaandika chini yake: ilikuwaje? Ikaonekana vikombe vyote vilikuwa rangi moja. Kisha yakaanza ya kweli. Chupa mbili zenye vifuniko vya rangi moja zikatenganishwa rafu. Picha ya jua na mwezi kwenye bahasha za dawa ikaonekana inawachanganya wazee, ikachorwa upya. Na vipimajoto. Vilivunjika sana, na vilivunjika Jumatano. Tuliandika, tukahesabu, tukahamisha meza, tukabadilisha zamu. Hadi leo hatujui kwa nini Jumatano. Wifi amestaafu na swali hilo, na akija kwangu bado hulitaja.

Madaftari yalifika kumi na moja. Wiki ya mwisho kabla wifi hajastaafu, Kasi ndiye aliyekuwa amepewa nafasi yake, mwanamke mzima sasa, mama wa watu, miwani puani. Asubuhi moja tuliikuta chupa ya dawa ya kusafishia sakafu imewekwa rafu ya maji ya kunywa. Nesi mpya alikuwa amesimama kando, rangi imemtoka. Kasi akaishika ile chupa, akainua juu, na mdomo wake ukasema, "Nani?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Ilikuwa kama kumsikia Dokta amefufuka, Mungu amrehemu.

Wifi alikwenda kwenye mkoba wake akatoa bati la biskuti, lile la baba yake, limeshika kutu pembeni, akalifungua. Ndani, juu ya vile vipande vya nguo, palikuwa na karatasi ya gazeti iliyokunjwa. Nikaijua. Ilikuwa jalada la daftari la msusi. Akalitoa daftari la kumi na moja kwenye kamba yake, akalikung'uta vumbi, akaliweka juu ya bati, akampa Kasi vyote kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto.

"Mama yangu," akamwambia, "kila Ijumaa uwe wa kwanza kuandika lako, kabla yao. Usipoona lako wiki nzima, jua hukuangalia. Anza na neno ulilolisema sasa hivi. Penseli imeisha, tafuta nyingine leoleo."